Kaamplifaya ka hedifoni ka elfu hamsini: niliyoyasikia mpaka sasa

Kabla hujanunua amplifaya ya hedifoni angalia kwanza hedifoni yako imeandikwa ohm ngapi (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme, zikiwa nyingi inahitaji volti kubwa zaidi), hilo ndo swali, mengine yote yanafuata. Nalisema mapema kwa sababu kila nikimwonyesha mtu haka kadude anauliza "kanaongeza besi?" af akichomeka iafoni zake (zile ndogo za kuingiza sikioni) za elfu tano akasikia sauti imepanda basi na yeye anataka, na mi najua kabisa akishanunua kataishia kwenye droo pamoja na chaja za pini nyembamba.

Mimi ninayotumia ni Beyerdynamic DT 770 Pro, toleo la ohm 250. Ni Wajerumani hao, kampuni ipo tangu 1924. Niliinunua kwa prodyuza mmoja pale Mafiati, Mbeya, anayerekodi kwaya, alikuwa anabadilisha vifaa, akanipa na ule waya wake wa springi ambao ukiunyoosha unafika mita 3 na kwenye siti ya basi ni ugomvi mtupu na jirani. Vikombe vimefunga masikio yote, sponji zake ni za velveti ya kijivu, na kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuivaa hata kama hamna muziki.

Shida ilikuwa moja, ukiichomeka kwenye simu inaongea kinyonge. Na sio ubovu, ni hesabu tu. Beyerdynamic wenyewe wanasema ukiipa milliwati 1 inatoa desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwa ohm 250 milliwati 1 maana yake ni volti 0.5 (volti zidisha kwa volti, gawanya kwa ohm, ile ya fizikia ya sekondari). Volti 0.5 ndo kiasi ambacho simu nyingi za kawaida zinahangaika nacho zikiwa mwisho wa voliumu. Iafoni ya ohm 32 ukiipa hiyohiyo volti 0.5 inapata karibu milliwati 8 na yenyewe ni nyepesi kusukuma, wakati hii ya 250 ni guta lenye magunia ya viazi linapanda mlima wa Iwambi.

Sasa mtu atasema desibeli 96 si kelele kubwa tayari? Ni kubwa, ila hiyo ni pale muziki unapogonga dari, na muziki haukai darini muda wote. Bongo fleva ya siku hizi imeminywa studio mpaka kila kitu kipo juu, kwa hiyo hata simu inaiweza, ukiweka humo unaweza ukaapa hauhitaji amplifaya yoyote. Halafu weka dansi la zamani, zile rekodi za enzi za Redio Tanzania, pale sauti ya kawaida inakaa chini ya kilele kwa desibeli 15 mpaka 20 hivi, na nakala nyingi zinazozunguka zilitolewa kwenye kaseti kwa voliumu ya chini tangu mwanzo. Unajikuta umeminya kitufe mpaka mwisho, simu imeshakuonya kuhusu afya ya masikio, na bado unamsikia jogoo wa jirani kuliko mwimbaji. Kwa hiyo wanaohitaji hiki kitu ni wapenzi wa dansi, kwaya na taarabu ya zamani, vijana wa singeli watulie tu.

Kenyewe ni ka alumini, keusi, kanaingia mfuko wa shati. Hakana jina la maana, kwenye boksi kuna herufi mbili na namba. Waliofanya hizi amplifaya ndogo za bei chee zijulikane ni akina FiiO wa Guangzhou, walianza 2007, na tangu hapo China imejaa wanaozitengeneza, hii yangu ni ya hao wengine. Nimekaagiza kwa mtu wa Kariakoo kakaja kwa basi, nikakachukua stendi ya Nane Nane. Mbele kuna matundu mawili ya jeki, moja la kuingilia na moja la kutokea, na gurudumu la voliumu ambalo pia ndo swichi ya kuwashia, ukilizungusha linafanya "tk" na taa ya bluu inawaka. Pembeni swichi mbili, ya geini (inakuza sauti kiasi gani) L ni kidogo na H ni zaidi, na ya besi. Wameweka na kawaya kafupi ka jeki kwa jeki, na mipira miwili ya kufungia simu na amplifaya zikae mgongo kwa mgongo, muonekano wake ni wa mtu anayetafutwa na polisi lakini utazoea.

Nikaweka geini H, besi nikazima, nikaanza na dansi. Aisee. Gitaa la ridhimu ambalo kwenye simu lilikuwa limejificha nyuma ya tarumbeta likatoka mbele, unasikia kidole kinavyokwaruza waya akihama kodi (chord), besi ikawa ina mwanzo na mwisho badala ya kuvuma tu, na pale waimbaji wanapoitikiana unaweza kuwatenganisha huyu ni wa sauti ya kwanza na huyu wa pili. Nilikaa na hedifoni kichwani mpaka chai ikapoa.

Ila tulia, sehemu kubwa ya hayo ni sauti kupanda tu. Sikio la binadamu lipo hivo, vitu viwili vikiwa sawa kabisa na kimoja kikazidi desibeli 1 tu utaapa kwamba kile ndo kizuri zaidi, na wauza spika wa duniani kote wanalijua hilo. Kwa hiyo nikachukua simu nyingine yenye programu ya kupima kelele, nikapiga mlio wa hezi 1000, nikabana kikombe cha hedifoni kwenye maiki, nikasawazisha sauti ya simu peke yake na ya simu pamoja na amplifaya mpaka zikasoma sawa. Ni kipimo cha kienyeji lakini kinatosha. Baada ya hapo nikarudia na iafoni zangu za kawaida, tofauti hamna, sifuri, labda kidogo mbaya zaidi kwa sababu ya kelele ambayo nitaisema. Kwa ile ya ohm 250 nayo, kwenye sauti ya chini inayolingana, vilikuwa ndugu. Tofauti inakuja pale unapotaka kwenda juu, simu imegota na amplifaya ndo kwanza ipo robo. Ukizidisha volti mara mbili unapata desibeli 6 za ziada, na kutoka 0.5 mpaka volti 2 ni desibeli 12, hiyo ndo nafasi unayoinunua. Hununui sauti mpya, na anayekwambia kaamplifaya ka bei hii kanafanya iafoni ya elfu tano iwe ya laki mbili anakuuzia maneno.

Mabaya yake sasa. Voliumu ikiwa chini kabisa sikio la kushoto linasikia kidogo kuliko la kulia, mwimbaji anahamia upande mmoja mpaka uzungushe kidogo ndo anarudi katikati, ni kawaida kwa hivi vigurudumu vya bei rahisi vyenye njia mbili ndani yake ambazo hazilingani mwanzoni. Dawa ni kuweka simu chini kidogo ili gurudumu likae juu. Pili, ukichomeka iafoni nyepesi unasikia "shhhh" muda wote hata muziki ukiwa umesimama, kwenye ohm 250 hiyo kelele haipo.

La tatu lilinikuta kwenye basi la kwenda Iringa na hilo ndo la kuudhi. Tumetoka Mbeya vizuri, video ya basi inapiga kelele zake na mi nipo kwenye dunia yangu, vikombe vimeziba kila kitu, af kuna vipande vya njia mtandao unashuka mpaka kile kiherufi E cha 2G, hapo amplifaya ikaanza "tititi-tititi-tiiiii" katikati ya solo. Simu ikiwa kwenye 2G haitumi mawimbi mfululizo, inatuma kwa vipande, kama 217 kwa sekunde, na inapotafuta mnara wa mbali inaongeza nguvu, amplifaya iliyofungwa mgongoni kwake isiyo na kinga nzuri inavidaka vyote na kuvikuza. Nikafungua ile mipira nikaitenganisha na simu kiasi ikapungua, nikaweka simu kwenye hali ya ndege ikaisha kabisa, kwa hiyo mashamba ya miti ya Sao Hill nimeyapita bila kupatikana hewani. Mama mkwe alikuwa ananitafuta, lakini hiyo ni stori nyingine.

Kitu kingine ambacho watu wanachanganya, hii ni amplifaya tu, haina DAC, yaani ile chipu inayogeuza namba za faili kuwa umeme wa sauti. Kama simu yako haina tundu la jeki (Apple walilitoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wakafuata mmoja mmoja) utahitaji adapta ya taipu-C kwanza, na chipu ipo humo ndani ya adapta. Na hapo ukiwa mjanja unaweza usihitaji amplifaya kabisa, ile adapta ya Apple toleo la Marekani inatoa kama volti 1, toleo la Ulaya limebanwa kama nusu ya hapo, kwa hiyo mwenye hedifoni ya ohm 80 ajaribu adapta kwanza ndo afikirie kutoa elfu hamsini.

Na masikio jamani. WHO, shirika la afya duniani, wanasema desibeli 80 usizidi masaa 40 kwa wiki, na kwa 90 ni masaa 4 tu. Kwa hii hedifoni simu peke yake ilikuwa inakulinda kwa udhaifu wake, ukishaweka amplifaya ulinzi huo haupo, na kwa sababu sauti inabaki safi hujui umeshafika wapi. Mi huwa naivua kichwani, nikisikia muziki wazi kabisa mkono ukiwa umenyooka na hedifoni ipo mbali najua nimezidisha.

Chaji sina malalamiko, nimetoka nako Mbeya alfajiri na jioni Iringa bado kalikuwa kanawaka. Tatizo tundu lenyewe ni lile la micro USB la zamani na limeshaanza kulegea, ukichomeka lazima uinamishe waya kidogo ndo taa ya chaji iwake. Fundi wa simu pale Kabwe kaliangalia akacheka, anasema anazo kopo zima, kubadilisha ni elfu tano na nisubiri palepale.