Chini ya Kanisa Kuu la Chartres

Mimi ni mwashi, mwaka wa 26 sasa, na jengo lolote nikiliingia naanza kuangalia chini: kona, msingi, unyevu ukutani. Ndiyo maana tulipofika Chartres, Ufaransa, nilimwomba binti yangu tuviache kwanza vile vioo vya buluu vinavyosifiwa dunia nzima, tukate tiketi ya kushuka kwenye kanisa la chini ya ardhi. Huko hushuki peke yako. Mtembezaji alieleza kwa Kifaransa, binti yangu akanitafsiria kwa kunong'ona.

Baridi ilitupokea mlangoni. Mbele yetu korido ndefu yenye dari la tao, mawe mazito, madoido hakuna. Ziko mbili, moja kila upande, nazo hukutana mashariki na kukizunguka chumba cha kale zaidi, cha Mtakatifu Lubin, cha karne ya 9. Korido hizo alizijenga Askofu Fulbert baada ya moto wa mwaka 1020.

Kikanisa cha Notre-Dame-sous-Terre, Bikira Maria wa Chini ya Ardhi, kiko upande wa kaskazini. Sanamu yake ya zamani ilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793. Iliyopo imechongwa karne ya 20. Jirani yake pana kisima chenye kina cha zaidi ya meta 30, kilichozibwa karne ya 17 na kufukuliwa mwaka 1901. Nilipiga magoti pale, nikamwombea marehemu fundi aliyenifundisha kushika timazi.

Juni 1194 kanisa la juu liliungua. Watu walilia wakiamini vazi la Bikira Maria, lililotunzwa hapo tangu karne ya 9, limeteketea. Inasimuliwa kwamba mapadri walikuwa wamekimbilia nalo humu chini, na siku ya tatu wakatoka nalo wazima. Niliyatazama yale matao muda mrefu. Paa lote liliwaporomokea juu yao, nayo yakashika.

Waliokuja kujenga upya hawakuung'oa msingi huo. Ukumbi wa juu una upana wa takriban meta 16, mkubwa kuliko kawaida ya enzi zile, kwa sababu umefuata kuta za Fulbert. Kila mwashi amewahi kuombwa apandishe nyumba juu ya msingi wa mtu mwingine, na hofu yake anaijua: unagonga, unasikiliza, unapima tena, usiku hulali. Wale walipandisha mpaka meta 37.

"Baba, wanazima taa," binti yangu akanigusa bega.

Juu, vioo ni vizuri kweli. Lile dirisha la Bikira Maria wa buluu, sehemu yake ya kati ni ya kabla ya moto ule, nami nilikaa mbele yake kwa muda mrefu. Kisha nikarudi upande wa kaskazini, nikatembea polepole, nikikadiria kikanisa kiko chini ya jiwe lipi.