Siku moja maishani mwangu: fundi sola, Dodoma

Saa 12 asubuhi. Nzuguni kuna baridi na upepo wa Juni umeshaanza kupeperusha vumbi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miezi hii tunavaa makoti wakati wenzetu wa Dar wanajipepea. Wateja wengi wanadhani sola inapenda joto. Inapenda mwanga. Paneli ikichemka nguvu yake inapungua. Siku ya baridi yenye jua kali ndiyo siku yake.

Saa 1. Chai na chapati kwa mama ntilie, kisha tunapakia kirikuu: paneli, pampu, mabomba, waya, mita. Dogo anakaa nyuma kuzishikilia paneli.

Saa 3. Hombolo, kwa mzee mmoja mwenye shamba la zabibu. "Mbukwenyi!" anatupokea kwa salamu ya Kigogo. Tunaitikia, na shikamoo yake tunampa. Miaka yote amekuwa akimwagilia kwa pampu ya dizeli, na karaha yake wakulima wa huku wanaijua: unanunua mafuta kwa dumu, unamlipa bodaboda aliyeyaleta, na injini ikigoma unahangaika kutafuta fundi huku mizabibu inanyauka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Miezi iliyobaki ni wewe na kisima chako.

Kwenye maji ndipo ninapoikubali sola kuliko popote. Pampu hii inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye paneli, betri haina. Jua likiwaka inavuta, maji yanapanda kwenye simtanki juu ya mnara, na jioni mzee akifungua koki yanashuka yenyewe hadi kwenye mipira ya matone. Badala ya kuweka akiba ya umeme, unaweka akiba ya maji. Jua halina bili, ila betri inayo: ndiyo inayochoka mapema na kukurudisha dukani. Kazi inayoweza kufanyika mchana, ifanye mchana.

Mzee alitaka paneli zikae chini ya mwarobaini, karibu na nyumba, wezi wasizione. Nimekataa. Zimeungwa mfululizo, kwa hiyo kivuli cha tawi kikiangukia moja tu, zote zinadhoofika. Tumezisimika mahali peupe, zimeelekea kaskazini kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na mteremko kidogo ili vumbi lisigande. Nati tumezichomelea. Wezi nao wana spana.

Saa 5 na nusu. Tunawasha. Bomba linakohoa hewa, linatema tope la rangi ya chai, linanyamaza, halafu maji yanakuja safi yamejaa bomba zima. Mngurumo hakuna, mzee anauliza kama kweli pampu imewaka. Anakinga kiganja, anaonja. "Yana chumvi kidogo." Visima vingi vya Dodoma ndivyo vilivyo, na hilo sola hailiondoi.

Saa 8. Ugali wa mtama na mlenda. Tumekula kimyakimya, njaa ilikuwa imetubana.

Saa 9. Ihumwa, kwa kinyozi anayesema betri aliyouziwa ni feki. Mita inasoma volti 11.4 jua likiwa bado juu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7. Napanda juu ya bati. Paneli imevaa vumbi hadi kioo hakionekani. Nashuka, namuuliza anatumia nini usiku. Mashine za kunyolea hazina shida, zinakula kidogo. Kuna sabufa, kubwa, na inapigwa hadi saa 5 usiku.

"Anko, muziki ndio unaoleta wateja."

"Basi wakuchangie betri."

Amecheka, lakini sabufa hajaizima. Nimemwambia aoshe paneli alfajiri kwa maji matupu na kitambaa laini, kabla kioo hakijapata moto, na betri ya asidi asiitumie zaidi ya nusu ya chaji yake.

Saa 2 usiku. Nyumbani. Mwalimu mmoja wa kijiji kimoja wilayani Bahi ameandika anataka taa, TV na friji, na ana paneli moja ya wati 100. Nampigia hesabu. Kwa jua letu, hiyo inampa kama wati-saa 400 kwa siku, yaani wati za kifaa mara saa kinazotumika. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. TV ya wati 50 kwa saa nne, 200. Simu zinamalizia. Watoto watasoma bila moshi wa koroboi, na hela ya mafuta ya taa itabaki mfukoni. Friji peke yake inaweza kumaliza yote hayo na kuomba zaidi.

Amejibu haraka: "Sawa fundi, friji tuache. Na pasi?"

Naanza hesabu nyingine.