Tulivyopata kibali cha kumwaga majitaka ya kiwanda cha maziwa

Kiwanda chetu ni kidogo, kiko pembezoni mwa Iringa, kinatengeneza mtindi na jibini. Bomba la majitaka la mjini halifiki huku, kwa hiyo maji yote tunayotumia huishia kwenye kijito kinachoingia mto Ruaha Mdogo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayemwaga majitaka mtoni awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde, nasi tuko Bonde la Rufiji. Kwa kuwa nasimamia ubora, kazi ya kukitafuta nikakabidhiwa mimi.

Viwango vimo katika kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu, isizidi miligramu 30 kwa lita; COD, yaani oksijeni inayohitajika uchafu ukiunguzwa kwa kemikali, 60; chembechembe zilizomo majini 100; na pH, kipimo cha ukali wa asidi au magadi, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Wenzangu walishangaa. Maziwa ni chakula, walisema, yatamdhuru nani? Lakini bakteria wa mtoni wakiyapata hushiba, huzaliana, na humaliza oksijeni ambayo samaki wanaitegemea. BOD hupima ulaji huo: sampuli hufungiwa kwenye chupa, huwekwa gizani kwa siku 5 katika nyuzijoto 20, kisha huangaliwa oksijeni iliyotumika. Maziwa mabichi yana BOD inayokaribia miligramu 100,000 kwa lita. Ina maana lita moja ikimwagika sakafuni inahitaji zaidi ya lita 3,000 za maji safi ndipo ifikie kiwango. Hesabu hiyo niliiandika ubaoni, na nadhani ilifanya kazi kuliko semina yoyote.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya saa ya kuchukua sampuli. Asubuhi tunasuuza sakafu tu, maji yanatoka maangavu. Mchana tunasafisha mabomba na matangi kwa kostiki soda, halafu asidi ya naitriki, na pH ya mfereji hupanda hadi 12 kisha huporomoka hadi 2 au 3. Meneja alipendelea asubuhi. Nikamwambia, “Mzee, watu wa bonde watakuja kuchukua sampuli zao wenyewe, na hawatatuuliza saa tunayoipenda.” Akanyamaza kidogo, akakubali. Tukachota kila saa kwa zamu nzima, kiasi kikubwa zaidi pale mtiririko ulipokuwa mkubwa, tukachanganya kwenye ndoo moja. Kwa maoni yangu, sampuli ya asubuhi peke yake ingekuwa uongo wenye muhuri wa maabara.

Mafuta hayachanganywi hivyo, maana hung'ang'ania kuta za ndoo. Yana chupa yake ya kioo, inayojazwa moja kwa moja kwenye mfereji. Chupa ya COD hutiwa asidi ya salfuriki ili bakteria wasianze kula njiani, ila ya BOD haitiwi chochote, kwani bakteria hao ndio wanaohitajika. Zote huwekwa kwenye deli lenye barafu, zikiwa na lebo ya saa, mahali na jina la mchukuaji, na BOD inatakiwa ianze kupimwa mapema, isilale siku mbili.

Majibu yalikuja yakiwa juu sana ya kiwango, kama nilivyotarajia. Wauza mitambo wakaanza kutupigia simu. Mimi nilitaka kwanza tuone kinachoingia mfereji ni nini. Mkosaji mkubwa alikuwa maji yanayobaki jibini ikishaganda: BOD yake hufika miligramu 30,000 na zaidi. Tukayatenga kwenye mapipa, na wafugaji wa nguruwe wa jirani sasa wanayafuata wenyewe. Maziwa yanayobaki ndani ya mabomba tunayasukuma nje na kuyakinga kabla maji ya kusafishia hayajaingia. Hatua hizo mbili zilishusha BOD kuliko kitu kingine chochote, na gharama yake ilikuwa mapipa na kufundishana.

Ndipo tukajenga: chemba ya kunasa mafuta, tangi ambamo kostiki na asidi hukutana na kupunguzana makali, kisha mabwawa matatu yanayofuatana, ambamo maji hukaa huku bakteria wakila uchafu uliobaki. Wataalamu wa bodi walikuja, wakapima kina, wakachota sampuli zao wakati tunasafisha, wakauliza kiasi tunachomwaga kwa siku. Tulikuwa na kumbukumbu za mita ya maji, na hilo liliwaridhisha kuliko maelezo yangu.

Kibali kilitoka na masharti: kupima mara kwa mara, kutuma taarifa, kutozidisha kiasi kilichoandikwa. Kinacholipiwa sasa ni vipimo na uzoaji wa tope la bwawa la kwanza. Nimeomba fungu hilo liwe kwenye bajeti ya kila mwaka, sambamba na vifungashio, kwa sababu bwawa likijaa tope maji hupita bila kukaa, na namba za maabara hupanda tena.