Losheni ya mitishamba ya kukandia mwili: maji ndiyo ya kuchunga

Losheni ya kukandia ina kazi ambayo losheni ya kawaida haina: mkono unatakiwa uteleze juu ya ngozi kwa dakika 10 hadi 15 bila kukwama. Kwa hiyo mafuta yake lazima yawe mengi. Losheni nyepesi ya kupaka baada ya kuoga hunywewa na ngozi mapema mno, na mkono ukaanza kuvuta vinyweleo. Hata hivyo, kinachoharibu chupa nyingi zinazotengenezwa nyumbani si mafuta, ni maji: yaliyobaki ndani ya majani, yaliyojificha kwenye chupa, au yaliyotiwa kwa makusudi kisha yakaachwa bila ulinzi.

Tuanze na mitishamba. Iwe mikavu kabisa. Jani likisuguliwa lisagike, kijiti kikikunjwa kivunjike kwa mlio. Jani lililonyauka tu bado lina maji, na maji hayo yakiingia kwenye mafuta utaona ukungu juu au utasikia harufu ya kuchacha. Rozimari, lavenda, kamomaili na tangawizi iliyokatwa nyembamba ikakaushwa zote zinafaa. Pilipili iacheni. Ukali wake hubaki kwenye vidole vya anayekanda hata baada ya kunawa, kisha huishia machoni. Na mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti aikwepe kamomaili, kwa kuwa ni ya ukoo huohuo.

Pima gramu 20 za mitishamba mikavu kwa gramu 100 za mafuta. Mafuta ya alizeti, ya ufuta au ya lozi yote yanateleza vizuri, ila ya lozi yasimguse mwenye mzio wa karanga za miti. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo losheni yake huwa nzito asubuhi ya baridi. Weka mafuta na mitishamba kwenye bakuli la kioo linalostahimili joto, ulikalishe ndani ya sufuria yenye maji ya moto, na ushikilie nyuzi 50 hadi 60 kwa saa 3. Yasichemke, wala majani yasikaangike. Yakigeuka kahawia umeunguza harufu uliyokuwa unaitafuta. Wapo wanaoacha chupa dirishani wiki 4 hadi 6. Inafanya kazi, lakini mwanga huwahisha mafuta kuchacha, kwa hiyo chupa ifunikwe kwa karatasi.

Chuja kwa kitambaa safi kilichokauka. Mafuta utakayopata yatapungua, kwani mimea mikavu hunywa mengi, na ndiyo sababu tunaanza na gramu 100 ilhali tunahitaji 54 tu. Acha yatulie usiku mzima. Asubuhi mimina ya juu taratibu na uache tope la chini pamoja na vitone vya maji vilivyozama.

Sasa losheni yenyewe. Kwa gramu 200: maji yaliyokenekwa gramu 123, gliserini 6, mafuta ya mitishamba 54, emulsifaya ya nta 12, kihifadhi 2, mafuta makali ya harufu 2, vitamini E 1. Pima kila kitu kwa uzito, hata maji, kwa mizani inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu. Vijiko na matone hudanganya, maana tone la mafuta mazito si sawa na tone la mafuta mepesi.

Emulsifaya ndiyo inayoshikanisha maji na mafuta. Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani nta ya nyuki itafanya kazi hiyo. Nta ya nyuki peke yake hukoleza tu. Losheni itaonekana imeshikana ikiwa ya moto, kisha siku ya pili maji yatakuwa chini na mafuta juu. Nunua emulsifaya iliyoandikwa kwamba ni ya losheni ya mafuta ndani ya maji.

Chemsha vyombo vya kioo, vingine vifute kwa spiriti ya asilimia 70 na uviache vikauke vyenyewe. Maji na gliserini viwe chombo kimoja. Mafuta na emulsifaya chombo kingine. Pasha vyote viwili mpaka nyuzi 70 hadi 75, na ushikilie hapo dakika 20. Pima tena chombo cha maji kabla ya kuchanganya na urudishe kwa maji ya moto kiasi kilichopotea kwa mvuke. Ukiruka hatua hii losheni itakuwa nzito kuliko ulivyopanga na hutajua kwa nini.

Mimina maji kwenye mafuta vyote vikiwa na joto sawa. Maji yakiwa ya vuguvugu, emulsifaya huganda papo hapo na kuacha punje zisizoyeyuka tena mpaka upashe upya. Tumia blenda ya mkono kwa sekunde 20, pumzisha, rudia mara tatu au nne. Kichwa cha blenda kizame muda wote, vinginevyo utapata povu. Kisha koroga kwa mwiko mpaka ishuke hadi nyuzi 40. Usiiache ipoe bila kukorogwa, hata kama inaonekana imeshikana. Ikiwa nyepesi kama maziwa usiongeze emulsifaya: losheni huendelea kukolea kwa siku nzima.

Chini ya nyuzi 40 ndipo unatia kihifadhi, vitamini E na mafuta ya harufu. Kihifadhi si cha hiari. Vitamini E huzuia mafuta kuchacha, haiui bakteria wala ukungu. Asali na limau pia havitalinda chupa hii. Chagua kihifadhi cha vipodozi kinachozuia vyote viwili na ufuate kipimo cha mtengenezaji, maana si vyote vinavyotumiwa kwa asilimia 1. Kikizidi au kikipungua, rekebisha maji ili jumla ibaki 200. Vilevile usibadilishe maji kwa chai ya mitishamba. Chai hiyo ni chakula cha vijidudu, na kihifadhi kilichotosha maji safi huenda kikashindwa hapo.

Mafuta ya harufu yasizidi asilimia 1 kwenye losheni inayopakwa mwili mzima. Ya karafuu na mdalasini huwasha hata yakiwa kidogo, na ya limau yaliyokamuliwa bila moto huweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua. Kwa mjamzito na mtoto mdogo, yaache kabisa.

Ikiwa wakati wa kukanda losheni inageuka nyeupe kama sabuni, emulsifaya imezidi. Punguza gramu 2 mara nyingine na uongeze mafuta 2. Ikitengana baada ya siku chache, mara nyingi joto halikulingana au kuchanganya hakukutosha. Ikibadilika rangi au harufu, au ikiota madoa, tupa yote. Ukungu unaouona juu tayari umeshuka chini.

Jaza kwenye chupa ya pampu, si kopo la mdomo mpana ambalo vidole huingia. Andika tarehe. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko na usubiri saa 24 kabla ya kumkanda mtu, na usipake kwenye kidonda.

Asiyetaka kabisa kutumia kihifadhi aache maji. Gramu 90 za mafuta yaleyale na gramu 10 za nta ya nyuki, vikiyeyushwa pamoja kwa joto la sufuria ya maji, hutoa marhamu laini inayoyeyuka kiganjani na kuteleza muda mrefu kuliko losheni. Kopo lake lifunguliwe kwa mkono mkavu tu.