Ukurasa wa siri wa kitabu chenye kurasa 16

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu: "Dada, kwani hiyo kazi ya kukaa maktaba nayo inasomewa?" Wa mwisho alikuwa kondakta wa daladala ya Tandika–Makumbusho, alipoona nimepakata furushi la vitabu. Nikamwambia inasomewa, na mitihani ipo, na watu wanafeli. Akacheka mpaka akasahau kunirudishia chenji.

Mimi nilikuwa mtu wa steshenari. Miaka sita Tandika, kutoa kopi, kubaindi, kulamineti vyeti vya watu. Shule ya msingi ya jirani walikuwa wateja wangu, na siku moja mwalimu mkuu akaniambia ana chumba kimejaa vitabu vya msaada na hana wa kukaa navyo, na kwa kuwa mimi nimezoea makaratasi basi nije. Nikaenda. Nikakaa navyo kweli, mwaka mzima, kama mlinzi wa godauni. Kisha wakaja wathibiti ubora. Mmoja, mama mpole kabisa, akaniuliza: "Mkutubi, una cheti cha ngazi gani?" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mkutubi. Nikajibu nina cha kidato cha nne. Mwalimu mkuu akageuka kuangalia dirishani.

Ndipo nikaenda kusomea. Kwa anayetaka njia, ni hii. Unaanza na cheti cha awali, ngazi ya 4 kwenye mfumo wa NACTVET, lile baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini, mwaka mmoja. Halafu ngazi ya 5, halafu diploma ambayo ni ngazi ya 6. Kuingia unahitaji angalau D nne za kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi, kwa hiyo usijivunie B yako ya Bible Knowledge. Chuo ambacho wengi wetu tunakijua ni SLADS kule Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kimekuwepo tangu 1989. Nilipanga chumba hukohuko Bagamoyo, na Ijumaa narudi Dar kuona wanangu: Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, halafu foleni ya Tegeta inakupokea kama ndugu.

Masomo mengine sitayaeleza, mawasiliano na kompyuta kila chuo wanafundisha. Lililoninyima usingizi ni uainishaji, yaani kukipa kitabu namba yake. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, alitoa mfumo wake mwaka 1876, akagawa elimu yote ya duniani kwenye mafungu kumi, kuanzia 000 mpaka 999. Hisabati 510. Historia ya Tanzania 967.8. Mapishi 641.5, hiyo niliishika siku ya kwanza. Methali zina namba yake, 398.9, na hadithi za paukwa pakawa ziko jirani, 398.2.

Tulipofika 800, fungu la fasihi, nikaanza kununa. Wamarekani wamepewa 810, Waingereza 820, Wajerumani 830, Wafaransa 840, wanaendelea hivyo mpaka Wagiriki. Wengine wote waliobaki duniani tumesukumwa uani, 890. Ukitafuta Kiswahili mle ndani unakikuta 896.392. Tarakimu sita, na nukta! Niliuliza darasani kama hii ni haki. Mwalimu akasema mfumo umerekebishwa mara nyingi tangu enzi hizo ila vyumba vikubwa vilishagawiwa, nasi tushike namba kwa sababu mtihanini haki haina maksi.

Kulikuwa na mambo matamu pia. Mchezo wa ISBN, kwa mfano. Mwalimu anafunika jalada lote, anakuachia ile namba ndefu ya nyuma, useme kitabu kimetoka wapi. Baada ya 978 ukiona 9976 au 9987, hicho ni cha Tanzania. Mpaka leo nikiingia duka la vitabu nageuza nyuma kwanza, mwenye duka anadhani natafuta bei.

Na tulifundishwa ukurasa wa siri. Mhuri wa maktaba unapigwa ukurasa wa jina la kitabu, ambapo kila mtu anauona, halafu unapigwa tena ukurasa mmoja mliouchagua wenyewe, uleule kwa kila kitabu. Mwizi akichana ukurasa wa mbele, wewe unafungua ule wa siri na kitabu kinajitaja chenyewe. Niliona ni ujanja wa hali ya juu. Nikachagua 21, siku aliyozaliwa mwanangu wa kwanza.

Basi nikaenda fildi, wiki nane, sekondari moja hapa Temeke. Shule siitaji. Maktaba ilikuwepo, na kufuli ilikuwepo kubwa kuliko ya duka la dhahabu, na ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja ambaye Jumatatu na Jumatano alikuwa hayupo. Siku hizo nilikaa kwenye benchi nje, na rejista yangu mapajani, nikisubiri. Chuoni tulijifunza Koha, programu ya maktaba ya bure iliyotengenezwa New Zealand, na nilikuwa nimeiva. Pale shuleni kompyuta ilikuwa moja, ofisini kwa mhasibu. Nikarudi kwenye daftari la kaunta na rula.

Siku ya kwanza ya kupiga mihuri nilikuta zaidi ya nusu ya vitabu vya hadithi za Kiswahili ni vile vyembamba, kurasa 16, vilivyobanwa pini mbili katikati. Ukurasa wa 21 uko wapi? Nikahamia 11. Siku ya tatu kijana wa kidato cha pili akanijia: "Madamu, kumbe mhuri wenu wa siri uko page ya 11." Nilimuuliza amejuaje. Akasema amesoma vitabu vinne.

Ila balaa lenyewe lilikuwa lebo. Kanuni inasema namba ya kitabu inabandikwa mgongoni, sehemu ya chini, vitabu vyote usawa mmoja, ili rafu ikisimama uisome kama mstari. Kitabu cha kurasa 16 hakina mgongo. Kina mkunjo tu. Nikabandika kwenye jalada la mbele, kona ya chini, Jumamosi nzima, 896.392 mara mia na zaidi, mkono unauma. Ilikuwa Februari, chumba cha mabati, dirisha moja. Jumatatu nikangoja ufunguo hadi kesho yake. Jumanne tulipofungua, lebo zilikuwa sakafuni kama bisi. Joto lilikuwa limeyeyusha gundi, na zilizobaki zilishikamanisha vitabu viwili viwili.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu ule umachinga wa steshenari ukaamka. Hata zingeshika zingesaidia nini? Vitabu mia na kitu vyote namba moja! Ukimpa mtoto 896.392 ni sawa na kumwelekeza mtu Mbagala bila kumwambia Mbagala ipi. Nikaenda Tandika sokoni, nikanunua selotepu za rangi, zile pana za mafundi umeme. Nyekundu hadithi za wanyama, njano za shule na familia, bluu za vituko na upelelezi, kijani mashairi. Nikazungusha kwenye mkunjo, juu ya pini kabisa, na pini zikaacha kuchana vidole. Vyembamba sikuvisimamisha kwenye rafu, vinalala tu kama mikate iliyokatwa. Nilivipanga kwenye maboksi ya karatasi za A4 niliyoyakata upande, jalada likiangalia mbele, kama kaseti zilivyokuwa zikipangwa dukani. Namba ya Dewey niliiandika ndani kwa penseli, nisije nikaambiwa nimeasi.

Mwalimu wa chuo akaja kunikagua wiki ya sita. Akazunguka kimya. Akachukua kimoja chenye bluu, akakifungua, akaona penseli. Akauliza kwa nini bluu. Nikaeleza, nikaeleza na habari ya bisi. Akasema, "Mtihanini andika 896.392. Hapa endelea." Kisha akapiga picha maboksi yangu kwa simu, pande zote mbili. Alama alizonipa kwenye uainishaji zilikuwa 61, na sijamuuliza zile 39 zilikwenda wapi.

Sasa nina cheti, nimerudi kwenye chumba changu cha shule ya msingi, na ufunguo ninao mimi. Ngazi ya 5 nitaingia nikishamaliza deni la chumba cha Bagamoyo. Selotepu za rangi nimezileta na huku, na kwa sasa tatizo langu ni bluu. Watoto wa darasa la tano wamezimaliza zote, wanazirudisha zimelegea pini, na kuna mmoja ameshaanza kubandua selotepu za njano na kuweka bluu ili wenzake wavichukue. Sijamjua bado. Nina hisia ni yule anayekaa karibu na mlango.