Jezi ya bure ina ubaya gani?

Hivi mwandishi wa michezo akipewa jezi na klabu anayoiandika kuna ubaya gani? Wengi watakwambia hamna, ni jezi tu, sio gari wala kiwanja, na kuna siku hata mi nawaelewa.

Ila watu wanawaza kwamba aliyekula cha klabu ataandika uongo, timu imepigwa nne yeye aandike imeshinda. Haiendi hivyo bana, matokeo kila mtu kayaona kwenye tivii. Kinachokufa ni swali. Kocha yuko mbele yako, unajua wachezaji hawajalipwa mishahara, umeambiwa na mchezaji mwenyewe, afu unakumbuka mmekuja ndege moja, hoteli wamekulipia wao na kesho mnarudi wote, basi unauliza "kocha, maandalizi ya mechi ijayo yakoje?" Na msomaji hawezi kukulaumu kwa swali ambalo hajui kama lilikuwepo.

Sio mambo mapya haya. Marekani zamani ilikuwa kawaida kabisa timu za besiboli kuwalipia waandishi treni, hoteli na msosi wakisafiri na timu, gazeti linaokoa hela, timu inapata habari tamu, wote wanafurahi isipokuwa msomaji ambaye hata hana habari. Baadae ndo wakashtuka. Chama cha wahariri wa michezo wa kule, APSE, mwongozo wao unataka chombo cha habari kijilipie safari, malazi, chakula na vinywaji, na mwandishi akipanda ndege ya kukodi ya timu ofisi yake idai bili ilipe. Hicho kipengele cha ndege nakipenda kwa sababu kinajua maisha yalivyo, kuna wakati usafiri wa timu ndo usafiri pekee.

Cha kuchekesha, viongozi wakipokea sisi ndo wa kwanza kupiga kelele. 2014 shirikisho la soka la Brazil liliwapa vigogo wa FIFA mabegi ya zawadi yenye saa za Parmigiani, kila saa thamani yake faranga 25,000 za Uswisi, kamati ya maadili ikaamuru zirudishwe, tukaandika weee. Sawa, ilistahili. Sasa na sisi tukaguliwe mabegi.

Mi mstari wangu nauweka hivi: kitambulisho cha kuingilia uwanjani ni kitendea kazi, soda na maandazi ya chumba cha waandishi wanapewa wote na hakuna anayekumbuka nani kala. Lakini jezi yenye jina LAKO mgongoni? Hiyo mtu kakaa akakufikiria wewe, akaagiza ichapwe, na hakufanya hivyo kwa sababu anapenda unavyopanga aya. Na zawadi ya simu kutoka kampuni ya kubeti ndo kabisa, maana kesho utaandika nani ana nafasi ya kushinda na kuna mtu ataweka hela yake kwa kukuamini wewe.

Ila sitaki kumwangushia mwandishi zigo lote. Bosi anamtuma kijana mechi ya ugenini bila nauli, anamlipa kwa stori moja moja na malipo yenyewe yanachelewa, alitegemea afikeje? Atadandia basi la timu. Na ukutani ofisini kanuni za maadili zimebandikwa, zina fremu na kioo.

Kama imeshindikana kukataa, basi sema. Mstari mmoja tu chini ya stori, "safari hii imegharamiwa na klabu", msomaji apime mwenyewe. Na vile vitu vinavyoletwa ofisini bila kuombwa virudishwe na barua, sio vigawanywe kimyakimya kwa wakubwa. Vikirudi mara kadhaa wataacha kutuma, maana afisa habari wa klabu nae ana bajeti ya kuitetea kwa mabosi zake.