Wenye nyota zao

Leo mchana nimesubiri benchi kwa mama ntilie wa kona ya ofisini, huku jirani yake ana meza tupu na wali wake, tuseme ukweli, una nazi kuliko wa huyu. Ila huyu akikuona tu, "kaka wa maharage, ukoko wako nimekufichia, usije ukaninunia," na kweli kaufunikia kisahani pembeni, alafu anauliza mtoto kikohozi kimeisha? Anakumbuka jamani! Siku zote nasema huyu dada ana nyota tu, basi, ila leo nimemchungulia vizuri, kumbe kila anayekaa anamtazama usoni kwanza, hela baadaye.

Nikajikuta namuwaza bondia Muhammad Ali, Kinshasa 1974. Mpinzani wake, George Foreman, alitua Zaire (Kongo ya leo) na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, na watu pale walikuwa wanawakumbuka mbwa wa aina hiyo kwa askari wa Kibelgiji, yaani kabla hajarusha ngumi hata moja keshawaudhi wenyeji. Pambano likasogezwa mbele zaidi ya mwezi kwa kuwa Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, na hapo ndipo Ali alipofanya kazi yake, anakimbia barabarani watoto wanamfuata, anatania, anamsikiliza yeyote anayemsogelea. Ilipofika 30 Oktoba uwanja mzima ni "Ali boma ye", yaani Ali muue, na raundi ya nane Foreman akaenda chini.

Sasa Foreman huyohuyo baadaye akawa mhubiri, mcheshi kupita kiasi, kila mtu anampenda, na 1994 akabeba tena mkanda wa dunia ana miaka 45. Kwa hiyo hii habari ya kwamba mvuto unazaliwa nao mimi nimeanza kuitilia shaka.

Ila kuna kisa ninachokipenda zaidi, na hiki ni cha hapahapa Dar. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali azunguke Afrika kuziomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, sababu Wasovieti wameingia Afghanistan. Mtu yuleyule, ulimi uleule, tena Dar watu wanampenda kufa. Mwalimu Nyerere akakataa kumwona! Aliona ni dharau, jambo la serikali unamletea bondia. Waandishi nao wakambana, mbona sisi tuliposusia Montreal 1976 kwa ajili ya mambo ya makaburu Marekani haikutuunga mkono, na Warusi si ndio wanaosaidia wapigania uhuru, akabaki hana jibu maana mengine hata hakuwa ameambiwa. Kinshasa alikuja kwa shida yake mwenyewe akawasikiliza watu, Dar kaja na maneno ya bosi mfukoni, na watu wanajua tu, hata kama wanakuchekea na wanataka saini yako.

Tanzania ikaenda Moscow. Filbert Bayi akachukua fedha mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha mita 5,000, na mpaka leo ndio medali zetu pekee za Olimpiki. Bayi alishaikosa Montreal kwa kule kususia, tena alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500. Hebu mwendee mtu kama huyo umwambie akose na hii, uone kama ucheshi utakusaidia.